Bei ya Kuanzia

Mwaka wangu wa kwanza pale chuoni, hata nikikohoa wanafunzi wanaandika. Sitanii. Siku moja nilisema, "Samahani, hapo nimekosea," nikageuka kufuta ubao. Nilipopita kati ya viti nikakuta binti mmoja ameyaandika maneno hayohayo kwenye daftari lake, kwa mwandiko safi, na kuyapigia mstari. Nikamuuliza ya nini. Akanijibu kwa adabu zote, "Nilidhani itatoka kwenye mtihani, Madam."

Somo langu linaitwa Maadili na Hoja. Chuo chetu kiko Kariakoo, ghorofa ya nne, juu ya maduka ya mabegi na vyombo vya plastiki, na lifti ilikufa kabla sijaajiriwa. Joto likizidi tunafungua madirisha, na tukifungua tu tunaletewa mtaa mzima ndani: wabeba mizigo wanaoomba njia kwa matusi, honi za bajaji, na kipaza sauti cha machinga kinachorudia tangazo moja kutwa bila kuchoka. Wanafunzi wengi ni watoto wa wafanyabiashara. Mtume yeyote kati yao akanunue mkanda, atabishana na muuzaji mpaka muuzaji aombe maji ya kunywa. Muingize darasani, anageuka kuwa mpole kama mgonjwa. Anachotaka ni madesa, yaani notsi za mwalimu zilizokwishapigwa chapa, akariri, akazimwage kwenye mtihani, asahau.

Hilo lilinichoma sana. Mimi nina hasira za karibu, kwetu wote wananijua hivyo. Nimekulia humuhumu Kariakoo. Baba yangu alitoka Rombo akiwa kijana na akauza sufuria za jumla mpaka anakufa, na watoto wake tulijifunza kuzungumza nyuma ya kaunta. Sikuweza kuelewa inakuwaje mtu anayejua kuuliza "mwisho shilingi ngapi" kabla hajajua kusoma, akija kwangu anakubali kila kitu kwa bei ya kwanza.

Basi siku moja nikaweka chaki mezani. Nikawaambia, "Leo sifundishi. Leo nauza."

Wakatazamana.

"Anayemdanganya mgonjwa kwamba atapona," nikasema, "hana tofauti na mwizi. Hiyo ni bei ya kuanzia. Nani ananunua?"

Machinga wa chini akajaza nafasi kwa tangazo lake. Kisha Elibariki, kijana mwenye mdomo ambaye kwao wanauza vipuri vya magari mitaa ya Gerezani, akanyoosha mkono nusu.

"Madam, hapo umepaisha. Punguza."

"Nipunguze kwa nini? Nipe sababu."

"Kwa sababu mwizi anachukua cha mtu. Huyu kamchukulia nini mgonjwa?"

"Kamchukulia nafasi ya kuaga watu wake," ikasema sauti kutoka nyuma.

Aliyesema alikuwa Zeina, binti wa Mzee Hashil, mwenye duka la vitambaa mitaa miwili kutoka chuoni. Tangu muhula uanze sikuwahi kuisikia sauti yake. Elibariki akageuka kumjibu, mwingine akadakia, na kipindi kilipokwisha walikuwa bado wanabishana kwenye ngazi. Nilikaa peke yangu darasani nikicheka.

Tangu hapo tukaenda hivyo. Kila kipindi nafungua kwa hoja niliyoipandisha makusudi, wao wananishusha kwa sababu, na hakuna ruhusa ya kugusa kalamu mpaka tumefika mahali ambapo wengi wetu tunasema haya, hapo sawa. Ndipo tunaandika. Zeina akawa hatari kuliko wote. Alikuwa hapandishi sauti. Anasubiri wenzake wachoke, halafu anauliza kitu kidogo, na ukuta wote unaanguka.

Tatizo ni kwamba mtoto hawezi kufundishwa kuuliza darasani tu.

Siku moja Bwana Awadhi, mkuu wa taaluma, aliniita ofisini kwake. Ni mtu mwema anayeogopa kelele. Akaniambia Mzee Hashil amekuja mwenyewe, amepanda ngazi zote zile na umri wake, amekaa pale akilalamika. Binti yake amemuuliza swali dukani, mbele ya mteja. Mbele ya mteja! Alilirudia neno hilo mpaka Awadhi akamletea maji. Alitaka kujua chuo gani hiki kinachochukua mtoto wa watu mwenye heshima zake na kumrudisha akiwa anajibizana na baba yake.

"Alimuuliza nini?" nikasema.

"Candida, jamani. Tatizo si swali. Tatizo ni kuuliza."

Awadhi akaendelea taratibu, macho yake yakiwa kwenye kalamu. Uongozi ulikuwa tayari unafikiria kuliondoa somo langu muhula ujao, waweke Ujasiriamali. Malalamiko ya mzazi mkubwa kama huyu yalikuwa yanawapa sababu. Mkataba wangu ni wa somo hilo moja. Likienda, nimekwenda nalo. Yeye alikuwa amewaomba kitu kimoja tu, aje Jumanne akae darasani pamoja na Mzee Hashil, waone wenyewe.

"Tukiona darasa lenye nidhamu," akasema, "nitakuwa na la kusema juu."

Niliwaambia wanafunzi wangu ukweli wote, somo na mkataba. Nikawaambia Jumanne tuna wageni, na ninawaomba wawe kama siku zote. Wakaitikia vizuri sana, mpaka nikapata wasiwasi. Zeina hakuinua uso.

Kumbe walikwenda kukaa kikao kwenye grupu lao la simu. Elibariki alinisimulia baadaye. Walijiuliza: Madam yuko matatizoni kwa sababu ya midomo yetu, tutamsaidiaje? Wakapata jibu ambalo mtoto yeyote aliyelelewa Dar angelipata. Humvunjii mtu wako heshima mbele ya mgeni. Mama akipika wali ukaungua na wageni wapo, unakula na unasifu.

Jumanne wakaja wamependeza kama wanakwenda harusini. Mashati ndani ya suruali, mitandio imenyooshwa, Elibariki na tai. Mzee Hashil alipoingia na kanzu yake nyeupe na koti la kijivu, darasa zima likasimama kwa pamoja.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba, wanangu, marahaba."

Na mimi nikamwamkia, akanijibu bila kunitazama sana. Akakaa kiti cha nyuma kabisa karibu na dirisha. Awadhi akakaa pembeni yake na kufungua karatasi zake. Zeina alikuwa safu ya mbele, amempa mgongo baba yake.

Nilikuwa nimeandaa hoja ya Kariakoo. Niliona kama tunakwenda kupimwa, tupimwe kwa kitu tunachokijua. "Leo tunazungumzia bei," nikasema. "Muuzaji anataja bei akijua kabisa kwamba hatauza kwa bei hiyo. Anasema kitu ambacho yeye mwenyewe hakiamini. Huo ni uongo. Nani ananunua?"

Kalamu zote zikainama.

Waliandika. Nilisubiri. Binti mmoja akanyanyua mkono, nikampa nafasi kwa furaha, akasimama na kusema kwa Kiingereza cha kukariri kwamba anamshukuru mwalimu kwa maelezo yake mazuri. Akakaa. Katika darasa langu Kiingereza kinabaki kwenye karatasi za mtihani. Tukibishana tunabishana kwa lugha tunayoota nayo. Elibariki naye akasimama, akarekebisha tai, akauliza kwa Kiingereza hichohicho kama mwalimu anaweza kurudia maana ya uongo ili waandike vizuri.

Nilimtazama. Akanikonyeza, maskini, kuniambia kwamba mambo yanakwenda poa.

Ndipo nilipoelewa. Nikatazama nyuma, nikamwona Awadhi anatabasamu. Alikuwa ameridhika. Mzee Hashil alikuwa ametulia kitini, viganja juu ya magoti. Ilikuwa wazi kabisa: nikiimba notsi mpaka mwisho wa kipindi, mkataba wangu umepona. Watoto hawa walikuwa wamenipenda kwa namna waliyofundishwa kupenda, na walikuwa wananizika.

Labda mtu mwenye busara angeendelea kuimba. Mimi damu ilinipanda.

"Andikeni," nikasema. "Anayetaja bei ya kuanzia ni mwongo sawa na anayeapa uongo mahakamani."

Wakaandika.

"Andikeni. Duka linalouza hivyo halina baraka."

Waliandika, ila taratibu. Nikamwona Elibariki amekunja uso.

"Andikeni. Kila mfanyabiashara wa Kariakoo anayetaja bei ya kuanzia, tangu wa kwanza mpaka wa leo, ni mwongo, na kila mtoto aliyesomeshwa kwa duka hilo amesomeshwa kwa uongo."

Nilimtukana baba yangu mzazi, Mungu amrehemu, pamoja na baba zao. Kalamu zikasimama. Awadhi hakuwa akitabasamu tena. Nilikuwa nimepandisha bei mpaka mwisho, na hawakunishusha. Nikajiambia basi, Candida, imekwisha, kusanya vitu vyako.

"Hapana, mwalimu."

Sauti ilitoka nyuma. Mzee Hashil alikuwa amesimama, mkono mmoja ameshika dirisha.

"Hapana," akasema tena. "Hilo siwezi kukaa nikalisikia. Mimi nimeuza kitambaa maisha yangu yote. Ile bei ya kwanza si uongo. Ile ni kumkaribisha mtu. Namwambia kaa, tuzungumze. Mimi najua itashuka, na yeye anajua itashuka. Sasa uongo uko wapi hapo? Uongo unataka mmoja ajue na mwenzake asijue. Sisi wote tunajua!"

Alisema vizuri mno. Kama angekuwa mwanafunzi wangu ningempa alama zote. Niligeukia darasa.

"Mzee ananiambia nipunguze, na amenipa sababu. Nani ana la kusema?"

Hakuna aliyethubutu. Mimi kubishana na mzee, sawa, ni mtu mzima mwenzake kidogo. Wao ni watoto. Elibariki alikuwa anaitazama tai yake.

Zeina akasimama. Aligeuka polepole mpaka akamkabili baba yake, na darasa zima katikati yao.

"Baba," akasema. "Na asiyejua?"

"Zeina!" Awadhi akanyanyuka nusu. "Huyo ni mzazi wako. Kaa chini."

"Mwache," akasema Mzee Hashil. Hakumtazama Awadhi. "Asiyejua nani?"

"Yule bibi wa sare."

Nilimwona mzee anashtuka. Sisi wengine hatukujua bibi gani, na Zeina akaona kwamba hatujui, akatueleza, kwa sauti ileile yake isiyopanda. Alikuja bibi mmoja dukani, ametoka mkoani, mara yake ya kwanza mjini, anatafuta kitambaa cha sare za wajukuu wake. Baba akamtajia bei. Bibi hakusema neno. Akafungua fundo la kanga yake akaanza kutoa hela. Hapo ndipo yeye Zeina alipouliza, Baba, hiyo si bei ya kuanzia? Baba akamwambia anyamaze. Bibi akalipa yote.

Kumbe swali lilikuwa hilo. Kati yetu wote tuliolalamika, tuliotetea na tuliopanga vikao, hakuna aliyekuwa amemuuliza Zeina mwenyewe.

"Mimi sikutaka kukuvunjia heshima, Baba," Zeina akasema, na sasa sauti ilianza kumkatika. "Ulivyosema sasa hivi ni kweli, wote wakijua si uongo. Lakini yule hakujua. Alidhani umemwambia bei."

Mzee Hashil alivuta koti lake la kijivu.

"Angeuliza," akasema. "Mtu akija sokoni anauliza."

"Hakujua kama inaulizwa. Alikushukuru, Baba. Alikuombea dua."

Kipaza sauti cha chini kilikuwa kinaendelea na tangazo lake, na nilikichukia. Mzee aliangalia nje, kisha akarudisha uso ndani, na uso ule ulikuwa umechoka. Nilimwonea huruma kuliko nilivyowahi kumwonea mtu aliyekuja kunifukuzisha kazi.

"Kweli alituombea," akasema taratibu. "Mimi na duka langu na watoto wangu. Nikaitika amina." Akaliachia dirisha. "Sikumwita arudi."

Akakaa.

Nilitaka kusema kitu cha kumfariji, lakini Elibariki alikwisha kusimama, amelegeza tai, Kiingereza kimemtoka chote. "Hapana, subirini. Kwa hiyo muuzaji kila mteja ampime kwanza kama mjanja au mshamba? Mbona sasa huo ndio ubaguzi wenyewe! Mjanja anapunguziwa, mshamba anafundishwa?"

"Si ataje bei moja kwa wote," mwingine akamrukia.

"Utauza nini kwa bei moja Kariakoo hii? Utafunga duka!"

"Kwa hiyo duka likifungwa, uongo unakuwa halali?"

Basi. Walisahau mgeni, wakasahau mashati yao. Wakasimama, wakakatizana, wakapiga meza. Mimi nilikuwa nawashika kwa mikono miwili, mmoja mmoja, sababu yako nini, umemsikia mwenzako kwanza? Mara mbili nilimwona Mzee Hashil ananyoosha mkono kama mwanafunzi, na mara mbili nilimpa nafasi. Mara ya pili Zeina alimpinga, akampinga Zeina, na kila mmoja alimwachia mwenzake amalize. Hapo ndipo machozi yaliponitoka, mbele ya watu, na sikuona haya.

Kipindi kilikwisha. Hatukuwa tumekubaliana hata juu ya neno moja, kwa hiyo hakuna aliyeandika kitu. Darasa la uhasibu lilikuwa limejaa mlangoni linasubiri chumba.

Awadhi alikuja mbele amekunja karatasi zake. Alikuwa na uso wa mtu aliyetoka kwenye mvua. Akamgeukia mzee na kusema kwa heshima, "Mzee, umejionea. Sasa yale malalamiko yako tuyapeleke juu vipi?"

Wanafunzi waliokuwa wanatoka wakasimama. Nilijifanya napanga vitabu.

"Yapelekeni kama yalivyo," akasema Mzee Hashil. "Mtoto haulizi baba yake mbele ya mteja. Hilo sijalifuta na silifuti."

Sasa nikavipanga vitabu kwa kweli.

"Lakini somo msiliondoe."

"Mzee?"

"Huyu ameniuliza, na mimi sijamjibu," akasema, akimwonyesha Zeina kwa kidevu. "Watu wote hawa wamesikia. Sasa mkiliondoa somo leo, kesho mtaa mzima utasema Hashil kaulizwa na mwanawe, kakimbia. Mwacheni mwalimu hapahapa. Nitakuja."

Awadhi akanitazama, mimi nikamtazama Awadhi. Akafungua karatasi zake akaandika kitu, na nilisoma juu chini: mzazi anashauri somo liendelee. Nilikaa kwenye kiti cha mwalimu. Elibariki akaja kuniuliza kama niko poa. Nikamwambia aende zake na tai yake.

Baadaye nilitoka kwenye ukumbi wa ngazi. Zeina alikuwa anamshusha baba yake, amemshika mkono, taratibu, wakipisha wanafunzi wanaopanda. Sauti zao zilipanda wazi kwenye ile ngazi.

"Haya, tuseme ningemwita," Mzee Hashil alikuwa anasema. "Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia bei ya kweli."

"Na bei ya kweli ni ipi? Ile ninayomwuzia jirani, au ile ninayomwuzia fundi? Au ile niliyonunulia mimi?"

Walishuka ngazi kadhaa, na mimi, mwalimu wa somo lenyewe, nilisimama pale juu nimeshika chuma cha ngazi, nikisubiri jibu kama mwanafunzi.

"Sijui, Baba," akasema mwishowe. "Wewe unaonaje?"

Alikuwa hajawahi kuulizwa hivyo na mtoto wake, nadhani. Alisimama katikati ya ngazi, watu wakampita huku na huku, akawa anafikiri.